Shahidi wa Nyota ya Mkia

Mjomba wangu aliitwa muongo mara moja tu maishani mwake, na mara hiyo moja ilimtosha.

Alikuwa shahidi wa mwezi. Kwetu Ole, kisiwani Pemba, siku ya ishirini na tisa ya Shaabani na ya Ramadhani, jua likikaribia kuchwa watu wanapanda kilimani penye mnara wa simu, wanasimama wanatizama magharibi, na mtu akisema "nimeuona" neno lake linapelekwa kwa wakubwa likapimwe. Neno la mjomba, kwa miaka mingi, halikupimwa sana. Akishuka kilima akasema ameuona, watu walikwenda moja kwa moja kununua tende.

Mwaka ule, aliposema ameuona, hakuna mwengine aliyeuona. Pale njia panda pana fundi simu, mtu wa makamo, hodari wa kazi yake na hodari zaidi wa maneno. Kwenye simu yake ana programu inayoonesha umri wa mwezi kwa saa na dakika. Akainyanyua ile simu mbele ya watu, akasema, "Mwezi huu mchanga mno, hauonekani kwa jicho la mwanaadamu. Mzee kaona anachokitaka." Watu wakacheka chinichini, kile kicheko cha kumstahi mtu mzima, ambacho kwangu ni kibaya kuliko tusi. Neno la mjomba likarudishwa. Jioni ya pili mwezi ukaonwa na kila mtu, mnene kidogo kama wa siku ya pili, watu wakabishana kuhusu unene wake, lakini hapana aliyekwenda kumwambia mzee samahani.

Na mie, mwalimu wa fizikia niliyejaaliwa mdomo usio breki, nilifanya nini? Nilitoka Wete na pikipiki yangu, nikakaa barazani kwake, nikanywa chai yake, nikamwambia hisabu za fundi simu zilikuwa sawa. "Kwa haki ya Mungu niliuona," akanambia. Nikamjibu, "Basi macho yamekuchezea, mjomba." Toba! Mpaka leo nikikumbuka uso unaniwaka. Wiki mbili hakupokea simu yangu. Akipokea mkaza mjomba, mkewe, akisema, "Kenda shamba," na huku namsikia mwenyewe anakohoa hapo hapo pembeni.

Kilichotupatanisha ni nyota ya mkia. Ilikuwa msimu wa karafuu, na habari zake zikaanza kuzunguka kwenye simu za watu: kwamba ipo njiani, kwamba itaonekana mashariki kabla jua halijachomoza, kisha itazunguka karibu na jua, ipotee siku kadhaa, itokee upande wa pili. Wengine walikuwa wanaandikiana kuwa ni alama ya Kiama. Mie nilichokiona ni sababu ya kwenda Ole. Nikatia daftari na kalamu mkobani, nikavaa kofia ya pikipiki juu ya mtandio, nikaondoka Jadida, mtaani kwangu Wete, kabla ya Laasiri.

Nilimkuta uwanjani, anageuza karafuu kwenye majamvi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba."

Nikaanza kumweleza habari ya nyota, naye anageuza karafuu tu, kama ninayezungumza na mti. Nilipofika pale pa kusema itatokea magharibi, mikono yake ikasimama.

"Magharibi? Wakati gani?"

"Jua likishakuchwa tu."

"Mahali pale pale panapoandama mwezi?"

"Pale pale, mjomba."

Akajinyoosha mgongo taratibu, akajifuta mikono kwenye kikoi. "Basi nitapanda nao kilimani," akasema. "Nitawaonesha kwa kidole changu hiki kabla mtu yeyote hajaiona, na yule fundi wao awe mbele kabisa. Halafu tujue nani anaona anachokitaka." Alisema bila ya hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu aliyekaa na jambo miezi mingi bila ya kulisema huwa halisemi kwa makelele.

Nikahamia kwao. Mie sina mume wa kumuomba ruhusa, nilishaachana naye zamani kwa heri na usalama, kwa hivyo nililala Ole na asubuhi nikenda skuli kutokea huko huko. Kwenye saa kumi na nusu ya alfajiri ya kwanza nilitangulia kuamka, nikatoka uwanjani, nikatizama mashariki. Mwanga mweupe umesimama juu ya mikarafuu, mpana chini, mwembamba juu, umeegemea kidogo. Nikapiga ukelele. "Mjomba! Njoo! Umetoka! Mkia mkubwa hivi, yarabi!"

Akatoka mbio, kikoi anakifunga njiani. Akatizama. Akanitizama mimi. Kisha akacheka mpaka akakaa kitako juu ya gunia la makonyo, vile vijiti vya karafuu.

"Mwalimu wa fizikia!" akasema alipoweza kusema. "Hiyo alfajiri ya uongo, mwanangu. Inakuja kila siku ya Mungu. Weye tu umelala."

Nilikufa kwa haya. Hapana mtoto wa Pemba asiyefundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwamba alfajiri ni mbili: ya uongo inayosimama wima ikazimika, na ya kweli inayotanda kwa upana, ambayo ndiyo mwenye kufunga anaacha kula nayo na muadhini anaadhini nayo. Nilikariri hayo nikiwa na miaka minane, na nikayajibu kwenye mtihani wa chuo nikasifiwa. Sikuwahi hata siku moja kutoka nje kuitizama. Maisha yangu yote nasali Alfajiri kwa saa ya ukutani. Mkaza mjomba, kichwa dirishani, akauliza kulikoni, mjomba akamwambia, na kwa siku tatu nzima kila nikiomba chumvi naulizwa kama nataka ya kweli au ya uongo.

Lakini kicheko kile kilivunja kile kilichokuwa baina yetu. Muadhini alipoanza kuadhini, mjomba akanisogeza mbele ya uwanja, akasimama nyuma yangu. "Ile nyota ya rangi ya kutu unaiona? Haina jirani. Sie tunaiita Peke Yake. Shuka nayo hivi," na akanyoosha mkono, vidole vimebanana, "vidole kumi, kisha kushoto kidogo. Usiikodolee macho. Itizame kwa pembeni, kama unavyomtizama mtu usiyetaka ajue." Nikafanya hivyo. Mwanzo kiza kitupu. Kisha, pale pale aliponielekeza, kidoa cha mwanga kilichochakaa kidogo ukingoni, na juu yake uzi mfupi umesimama. Sikupiga ukelele. Nilishika mkono wa mjomba nikaubana kwa nguvu, na naye akauacha ubanwe.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kazi. Muda wetu ulikuwa baina ya adhana na ikama, ule wito wa kusimama kusali, si zaidi. Kabla ya hapo ilikuwa bado chini ya miti, na baada ya hapo mwanga wa jua unaifuta. Katika muda ule tulipima mambo matatu. Mahali: vidole vingapi kutoka Peke Yake na vingapi kutoka juu ya paa la banda la karafuu. Mkia: urefu wake kwa vidole. Mwanga: imepungua kuliko Peke Yake, imelingana nayo, au imeipita. Nimefundisha vipimo miaka ishirini kwa rula na mizani, na nakiri kwamba sijawahi kuona mtu anayeheshimu kipimo kama mzee yule mwenye kikoi. Mkono lazima unyooke sawasawa, kiwiko kisikunjike. Kama kidole kimeyumba, anaanza upya, na ikama ikikimiwa anaacha katikati na hajazii kwa kukisia.

Daftari tulilipiga mstari katikati, upande wake na upande wangu, na sharti lake lilikuwa moja: kila mtu aandike chake kabla hajasikia cha mwenzake. Ndivyo mashahidi wa mwezi wanavyoulizwa, akanambia, mmoja mmoja, mbalimbali. Pembe zake zimeelekea wapi? Ulikuwa juu ya nini? "Ukisikia langu kwanza, utaliona langu," akasema. Mie nimesoma chuo kikuu kuhusu jambo hilo hilo, kwa vitabu vinene, na sikulielewa vizuri hivyo.

Ijumaa moja, baada ya chakula cha mchana, akataka kuelewa njia. Alikwisha kuona kwamba kila alfajiri nyota inajongea kwenye jua, na hakuridhika kuambiwa itatokea magharibi kwa sababu simu imesema. Nikaomba sufuria la mkaza mjomba likawa jua, tukaliweka katikati ya sakafu ya uwanja. Limau likawa dunia. Nikachora njia ya nyota kwa kipande cha mkaa, inatoka mbali, inakata kwa ndani karibu na sufuria, inatoka tena. "Mkia siku zote unaelekea mbali na jua," nikamwambia, "kwa sababu jua ndilo linaloupuliza."

Mjomba akaenda akachukua ufagio wa chelewa. Akasimama mwanzo wa mstari, ufagio ameushika nyuma yake, akaanza kutembea. Anakwenda hatua moja, anatizama sufuria, anaugeuza ufagio uelekee nje, anakwenda hatua nyengine. Alipolizunguka sufuria na kuanza kuondoka, akajikuta ufagio sasa uko mbele yake. Akasimama pale pale, mzee wa miaka sabini na ushee na ufagio umetangulia, mdomo wazi.

"Kumbe ikiondoka mkia unatangulia!"

"Unatangulia, mjomba."

"Subhanallah. Hata siku moja sikuwaza." Akarudi mwanzo, akatembea tena. Alitembea mara nne. Kisha akenda kuchutama penye limau, akafumba jicho moja, akatizama kutokea huko. "Kwa hivyo inapita katikati yetu na jua. Ndio maana itapotea. Halafu inatokea upande huu, imetukaribia, na itakuwa imezidi mwanga." Akahesabu kwa vidole mwendo wake wa kila siku, akarefusha hapa, akapunguza pale. "Ikishapotea alfajiri, siku ya saba tutaipata magharibi. Itakuwa mkono wa kulia wa Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni, chini yake, shubiri moja na nusu."

Jibu la simu lilikuwa mfukoni mwangu. Sikulitoa. Nilikwenda nalo chooni nikalitizama kwa siri kama mwanafunzi anayeibia mtihani, na nikakuta siku ya saba. Nilitamani kupiga vigelegele humo humo chooni. Nje mkaza mjomba alikuwa anafoka, "Watu wazima wawili, na sufuria langu, na karafuu zangu mnazikanyaga! Mmerogwa?" Mjomba hakumsikia. Alikuwa bado amechutama penye limau.

Siku ile nilimpenda mjomba wangu kwa mapenzi ambayo sikujua kuwa ninayo. Na ni jioni ile ile, nikiwa nasafisha hati ya daftari, nilipoona kilichonikata maini.

Alfajiri tatu za mwanzo pande zetu mbili zilikaribiana: mkia vidole viwili yeye, viwili na nusu mie. Baada ya hapo zikaachana. Upande wangu mkia ulikuwa unarefuka, vidole vitatu, vitatu na nusu, vinne, na mwanga umelingana na Peke Yake, kisha umeipita. Upande wake, kwa mwandiko ule wa kishule uliosimama vizuri, mkia ulikuwa unafupika: kimoja na nusu, kimoja. Mwanga, pungufu. Mwanga, pungufu sana. Nyota moja, uwanja mmoja, dakika zile zile. Nikajiambia labda mie ndiye ninayeona ninachokitaka, nimeshasoma kwenye simu kwamba itazidi. Nikajilazimisha kuamini hivyo usiku kucha.

Alfajiri iliyofuata mbingu ilikuwa safi, imeoshwa. Mjomba akanyoosha mkono kuitafuta Peke Yake, akauteremsha, akaunyoosha tena. "Leo kuna wingu," akasema.

Hapakuwa na wingu. Peke Yake ilikuwa inawaka pale pale, na chini yake nyota ya mkia, nzuri kuliko siku zote. Nilitaka kusema ndio, kuna wingu. Lakini mdomo wangu, kama kawaida yake, haukunisubiri.

"Hakuna wingu, mjomba."

Akauteremsha mkono. Muadhini alikuwa amemaliza, na tulisikia mtu anachota maji kisimani. "Najua," akasema. Akaniambia yote kwa sauti ile ile anayosemea bei ya karafuu. Alikwenda kwa daktari wa macho huko mjini Chake toka wakati wa mavuno ya mpunga. Presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi; dawa anayotia ni ya kukibakisha kilichobaki. Mkewe hajui. Nyota ya Zuhura anaiona, na mwezi mkubwa, na taa. Vitu hafifu vinamponyoka, na kila wiki mpaka wa hafifu unazidi kumsogelea.

"Ule wa Ramadhani iliyopita nilikuwa bado mzima," akasema. "Niliuona."

"Najua uliuona," nikasema, na nilikuwa nalia.

"Hujui. Unanihurumia." Akanipa daftari. "Nifichie siri hii. Niache niwaoneshe hii moja tu, nirudishe jina langu, kisha nitajua la kufanya." Nikamwahidi. Ningemuahidi chochote.

Nyota ikapotea katika mwanga wa asubuhi kama alivyosema. Mjomba akenda msikitini, akasimama baada ya sala, akatangaza siku na mahali: siku ya saba, kilimani, kulia kwa Zuhura. Hakuna aliyecheka usoni mwake. Fundi simu akasema na yeye atakuja, na ikiwapo ataipiga picha. Kwa siku zile zote nilikuwa mtu wa hovyo kabisa. Skuli niliwafokea wanafunzi bila ya kosa, nyumbani nilivunja kikombe. Nilikuwa naomba mawingu ya vuli yaje yaifunike mbingu mwezi mzima, kisha naomba yasije.

Jioni ya siku ya saba kilimani kulikuwa na watu kama wa siku ya kuandama mwezi. Shehe wa msikiti alikuwapo. Fundi simu alikuwapo mbele kabisa, simu mkononi. Wanawake tulisimama nyuma kidogo, mkaza mjomba pembeni yangu na khanga yake mpya. Tuliposali Magharibi pale pale kwenye majani, mbingu ya magharibi ilikuwa bado na wekundu, na mwezi ulioshakua ulikuwa juu nyuma yetu unatumulika vichwa. Zuhura ikatoka. Watu wakatizama huku na huku. Mmoja akasema ipo pale, kumbe ndege ya abiria. Fundi simu akaizungusha simu yake mbinguni, hakupata kitu.

Mjomba akajitokeza mbele. Akanyoosha mkono wa kulia, kiwiko kimenyooka. Akaweka kidole gumba kwenye Zuhura, akatanua shubiri, akaigeuza mara moja, akakata nusu, akashuka. Kisha akakunja vidole vyote akabakisha kimoja, na kidole kile hakikutikisika.

"Hapo," akasema. "Itizameni kwa pembeni."

Nikafuata kidole chake kutoka kwenye bega, na mwisho wa kidole, hasa mwisho wa kidole wallahi, ilikuwapo: kichwa chenye kung'ara na mkia umenyooka kwenda juu, mrefu kuliko tulioupima alfajiri yoyote. Shehe ndiye wa kwanza aliyesema, "Subhanallah." Kisha mwengine, kisha wote kwa pamoja, takbira, watoto wanarukaruka, mkaza mjomba ananipigia vigelegele sikioni. Watu wakamzunguka mjomba wanamshika mkono. Fundi simu akateremsha simu yake. Nimpe haki yake, alikuja mbele ya watu wote akasema, "Mzee, mie nilikosa. Nisamehe." Na shehe akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Ramadhani ijayo, inshallah, tutapanda hapa, na neno litakuwa lako."

Ndilo alilolitaka. Ndilo hasa, neno kwa neno. Nilimtizama mjomba usoni nikamuombea kwa Mungu anyamaze. Nyamaza, mjomba, nikasema moyoni. Umewaonesha kweli, hujadanganya mtu, chukua haki yako twende tukale. Alikuwa amesimama katikati yao, anatabasamu, anatizama upande wa magharibi, na mie peke yangu nilijua anatizama kiza chenye taa moja.

Akanyanyua mkono watu wanyamaze.

"Nimekuonesheni," akasema, "lakini mie sikuiona."

Wakacheka, wakidhani mzaha. Akangoja kicheko kiishe. "Nimeona Zuhura. Kutoka hapo nimepima kwa mkono. Nilijua itakuwa pale, kama ninavyojua mlango wangu taa ikizimika. Lakini sikuiona, na hata sasa siioni. Macho yangu yamekwisha. Shahada ya mwezi ni ya mtu aliyeona kwa jicho lake, si ya mtu aliyejua. Basi Ramadhani msinisubiri mie. Tafuteni mwengine."

Vigelegele vya mkaza mjomba vilikatika. Akanishika mkono, na kwa jinsi nilivyokosa kushtuka akajua kuwa nilikuwa nikijua. Hilo tulikuja kulizungumza baadaye, na halikuwa zungumzo la dakika moja. Shehe aliinamisha kichwa.

Fundi simu ndiye aliyeuliza. "Na ule wa Ramadhani iliyopita, mzee?"

"Ule niliuona," akasema mjomba. "Mwembamba, umelala, pembe moja juu kidogo kuliko mwenzake. Haukukaa hata dakika tano. Ule niliuona."

Fundi simu alikuwa anaigeuza simu mkononi. Nilifikiri ataleta hisabu zake, na nilikuwa tayari kumrukia, mwalimu au si mwalimu. Badala yake akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mie siku ile sikutizama juu. Nilikuwa nimeinamia hii. Niliwaambia watu haupo, na sikunyanyua hata kichwa."

Watu walisikia wote. Mjomba akanyoosha mkono kumtafuta begani, akamkosa, akautafuta tena, na mara ya pili fundi simu akasogea mwenyewe chini ya mkono ule.

"Haya, mwanangu," akasema mjomba. "Sasa unaitizama. Niambie, ipo vipi?"

Daftari lilikuwa mkobani mwangu na namba zote nilikuwa nazo mie. Nilifunga mdomo. Fundi simu akaitia simu mfukoni, akanyanyua kichwa, akakohoa, akaanza kumsimulia.